Mabara Yanayosafiri: Kisa cha Nadharia Iliyokataliwa kwa Miaka Hamsini

Katika mkutano wa wanafunzi wa zamani hukaa meza moja watu waliopishana miaka thelathini au zaidi. Mwulize aliyemaliza mnamo 1958 jinsi Bahari ya Atlantiki ilivyotokea, kisha mwulize aliyemaliza mnamo 1988. Utapata majibu mawili yasiyopatana. Wa kwanza atakuambia kwamba mabara yamekaa mahali pake tangu dunia ilipopoa, na labda ataongeza kwamba mwalimu alipata kumtaja Mjerumani mmoja aliyedai kuwa mabara husafiri, lakini wataalamu hawakumkubali. Wa pili atasema bila kusita kwamba Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa nchi moja, zikaachana, na bahari ikazaliwa katikati. Wote wawili walifundishwa vizuri, na wote wawili walifaulu mtihani. Kilichobadilika kati yao ni elimu yenyewe, nayo ilibadilika kwa kipindi kifupi sana, hasa baina ya 1962 na 1968.

Makala haya yanaeleza historia ya badiliko hilo. Nia yake si kumsifu aliyeshinda na kuwacheka walioshindwa, maana hilo ni jambo rahisi baada ya mchezo kwisha. Nataka tuulize kwa haki: kwa nini watu wenye akili na elimu kubwa walikataa jambo la kweli kwa muda wa miaka hamsini, na walikosea wapi hasa? Kadhalika nataka ndugu wasomaji waone kwamba sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka upande wetu huu wa dunia, katika mawe tuliyoyakanyaga kila siku tukienda shule.

Dunia iliyosinyaa

Ukitazama ramani utaona kwamba pwani ya mashariki ya Amerika ya Kusini na pwani ya magharibi ya Afrika zafanana kama vipande viwili vya kigae kilichovunjika. Jambo hili lilionekana zamani. Mchora ramani Abraham Ortelius wa Antwerp aliandika mnamo 1596 kwamba Amerika huenda iling'olewa kutoka Ulaya na Afrika. Mnamo 1858 Antonio Snider-Pellegrini alichapisha mjini Paris michoro miwili, mmoja ukionyesha mabara yameungana na mwingine ukionyesha yameachana. Lakini mambo hayo yalihesabiwa kuwa ya kubahatisha tu, kwa kuwa wataalamu wa miamba wa karne ya kumi na tisa walikuwa na maelezo yao yaliyowatosha.

Mkubwa wao alikuwa Eduard Suess wa Vienna. Yeye na wenzake walifundisha kwamba dunia ilianza ikiwa ya moto, ikawa inapoa, na kila kinachopoa hunywea. Basi ganda la dunia likakunjamana kama ngozi ya embe lililoachwa likanyauka: makunyanzi yake ndiyo milima, na sehemu zilizodidimia ndizo bahari. Suess alijua pia kwamba visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, vya namna moja vinapatikana Afrika, India na Amerika ya Kusini. Alieleza kwamba hapo kale palikuwa na nchi moja kubwa, akaiita Gondwana kwa jina la nchi ya Wagondi huko India, na kwamba sehemu zake za kati zilizama baharini.

Suess huyu huyu alihusika na nchi zetu. Mnamo 1888 msafara wa Teleki na von Höhnel ulifika ziwa ambalo leo twaliita Turkana. Kwa kutumia vipimo vyao, Suess aliandika mnamo 1891 juu ya mfululizo wa nyufa kubwa unaopita mashariki ya Afrika, akasema kuwa ardhi hapa imevutwa pande mbili hata ikapasuka. Miaka miwili baadaye, 1893, Mwingereza J. W. Gregory alikwenda kwa miguu mpaka Baringo, akachunguza kuta za bonde hilo, na katika kitabu chake cha 1896 akalipa jina ambalo kila mtoto wa shule analijua: Bonde Kuu la Ufa. Kwa hiyo ilikwisha kujulikana kabla ya karne ya ishirini kwamba nchi kavu yaweza kupasuka. Ambalo halikudhaniwa ni kwamba vipande vyaweza kwenda zake.

Wakati huo huo nadharia ya kusinyaa ilianza kupata pancha. Mnamo 1896 Henri Becquerel aligundua mnururisho wa madini ya urani, na mnamo 1903 ikaonekana kwamba madini ya namna hiyo hutoa joto bila kukoma. Dunia yenye jiko ndani yake haiwezi kupoa na kunywea kama ilivyodhaniwa. Tena vipimo vya uzito vilionyesha kwamba miamba ya mabara ni myepesi kuliko miamba iliyo chini ya bahari, na kwamba mabara yamekaa juu kama mtumbwi ukaavyo juu ya maji. Gogo jepesi halizami likakaa chini. Basi nchi za kati za Suess zilizama vipi?

Mtaalamu wa hali ya hewa

Hapo ndipo alipotokea Alfred Wegener. Alizaliwa Berlin mnamo 1880, akapata shahada ya udaktari katika elimu ya nyota mnamo 1905, kisha akageukia hali ya hewa. Mnamo 1906 yeye na ndugu yake Kurt walikaa angani katika puto kwa saa 52, muda ambao haukuwahi kufikiwa na mtu kabla yao. Alikwisha kwenda Greenland kupima upepo na baridi. Kwa ufupi, alikuwa msomi hodari, lakini si mtaalamu wa miamba.

Tarehe 6 Januari 1912, mjini Frankfurt, Wegener alisimama mbele ya wataalamu wa miamba akasema kwamba Gondwana haikuzama: ilipasuka, na vipande vyake vikaachana. Mnamo 1915, katikati ya vita ambavyo mwenyewe alijeruhiwa, alitoa kitabu juu ya asili ya mabara na bahari. Alisema kwamba hapo kale nchi kavu yote ilikuwa moja, ile ambayo leo twaiita Pangea.

Hakutegemea umbo la pwani tu. Alitoa mfano wa gazeti lililochanwa: ukiunganisha vipande kwa kufuata kingo zake, bado waweza kudanganyika, lakini mistari ya maandishi ikipita sawasawa toka kipande hiki hadi kile, hapana shaka tena. Na mistari ilipita. Mesosaurus, mnyama mdogo mtambaaji aliyeishi majini, mabaki yake yanapatikana Amerika ya Kusini na kusini mwa Afrika tu. Asingeweza kuogelea kuvuka Atlantiki. Mmea uitwao Glossopteris, wenye majani yenye umbo la ulimi, umeacha alama zake katika mawe ya Afrika, India, Australia na Amerika ya Kusini. Kapteni Robert Scott na wenzake walipokufa kwa baridi wakirudi kutoka Ncha ya Kusini mnamo 1912, walikutwa na kilo 16 hivi za mawe ambayo hawakukubali kuyatupa ijapokuwa nguvu ziliwaishia. Ndani ya mawe yale mlikuwa na majani ya Glossopteris. Hata bara la barafu lilikuwa na misitu.

Ushahidi wa ajabu zaidi ulikuwa wa barafu. Katika Afrika Kusini na India, nchi za jua kali, iko miamba iliyokwaruzwa na mito ya barafu yapata miaka milioni 300 iliyopita. Tena mikwaruzo hiyo yaonyesha kwamba mahali pengine barafu ilikuwa ikitoka upande ambako leo pana bahari, na barafu haipandi kutoka baharini kuingia bara. Ukiyarudisha mabara pamoja karibu na Ncha ya Kusini, matatizo yote hayo yanaondoka kwa pamoja: barafu yote inakuwa bonge moja, nayo inatiririka kutoka kati kwenda nje kama ipasavyo.

Hoja za wapinzani

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Waliompinga Wegener hawakuwa wajinga, na baadhi ya hoja zao zilikuwa nzito.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya nguvu. Ni kani gani inayoweza kulisukuma bara zima? Wegener alitaja nguvu mbili: ile itokanayo na mzunguko wa dunia, na ile ya mvuto wa mwezi na jua uletao kujaa na kupwa kwa maji. Harold Jeffreys wa Cambridge alipiga hesabu akaonyesha kwamba nguvu hizo ni dhaifu mno. Katika hili Jeffreys alikuwa na haki. Hoja ya pili ilikuwa ya vipimo. Kwa kulinganisha vipimo vya safari mbalimbali, Wegener aliamini kwamba Greenland yaikimbia Ulaya kwa mwendo wa mita thelathini hivi kwa mwaka. Vipimo vile vilikuwa na kasoro kubwa. Leo twajua mwendo wenyewe ni wa sentimita chache tu. Hoja ya tatu haikuwa hoja bali ni desturi ya watu wa kila kazi: huyu ni mtu wa mawingu, nani kamwita kwenye mawe?

Mnamo Novemba 1926 wataalamu walikutana New York kujadili jambo hili, na wengi waliosema walilikataa. Baada ya hapo, katika Marekani hasa, mwalimu kijana aliyelipigania alihatarisha heshima yake.

Sasa tupambanue. Kumdai Wegener aeleze nguvu inayosukuma mabara ilikuwa haki kabisa. Kosa lilikuwa katika hatua iliyofuata: kusema kwamba kwa kuwa nguvu haijajulikana, basi mwendo haukuwapo, na hivyo mawe ya Brazili na ya Afrika yanafanana kwa bahati tu. Mabaharia wa pwani yetu walisafiri kwa kaskazi na kusi kwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kueleza kwa nini upepo hugeuka. Nahodha ambaye angekataa kutweka tanga mpaka aelezwe asili ya upepo angeozea bandarini. Jambo laweza kuthibitika kabla ya sababu yake kujulikana. Ni maswali mawili, na kila moja lina ushahidi wake.

Wegener mwenyewe hakuishi kuona mwisho wa shauri hili. Mnamo 1930 aliongoza msafara Greenland. Kituo kimoja katikati ya barafu kilipungukiwa na vifaa, akaenda mwenyewe kukisaidia, akafika mwishoni mwa Oktoba katika baridi ya kutisha. Tarehe 1 Novemba, siku alipotimiza miaka 50, alianza safari ya kurudi pwani pamoja na kijana Mgreenland, Rasmus Villumsen. Hawakufika. Mnamo Mei 1931 mwili wa Wegener ulikutwa umezikwa kwa heshima ndani ya theluji, na mahali pake pamewekewa alama. Aliyemzika ni Villumsen, ambaye hakuonekana tena hata leo. Yafaa tumtaje, maana historia hupenda kuwasahau watu wa namna yake.

Waliokanyaga mawe

Nadharia haikufa na mwenyewe. Waliyoishika walikuwa wachache, na si ajabu kwamba wengi wao walikuwa wamefanya kazi kusini mwa dunia.

Arthur Holmes, Mwingereza, alikwenda Msumbiji mnamo 1911 kutafuta madini akiwa kijana wa miaka 21, akaugua malaria vibaya sana. Baadaye alikuwa bingwa wa kupima umri wa miamba kwa mnururisho. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alieleza kwamba joto la ndani ya dunia laweza kuifanya miamba ya chini iende polepole sana kama uji mzito jikoni: unapanda katikati, unatambaa pembeni, kisha unashuka. Mwendo huo, alisema, waweza kubeba mabara. Hii ndiyo nguvu ambayo wapinzani waliidai. Ilichapishwa, ikasomwa, ikaachwa. Hata hivyo Holmes aliiweka mwishoni mwa kitabu chake cha jiolojia cha 1944, na wanafunzi wengi waliisoma humo.

Alexander du Toit alikuwa mtu wa Afrika Kusini aliyeichora ramani ya miamba ya nchi yake kwa kuizunguka maili kwa maili. Miamba hiyo huitwa ya Karoo. Mnamo 1923 alisafiri hadi Amerika ya Kusini kuyaona kwa macho yake mawe ya huko, na katika kitabu cha 1927 akaonyesha tabaka kwa tabaka jinsi pande mbili zinavyolingana: barafu chini, makaa ya mawe na Glossopteris juu yake, kisha mchanga wa jangwa, kisha volkeno. Mnamo 1937 alitoa kitabu kingine juu ya mabara yanayotembea, akakitoa kwa kumbukumbu ya Wegener.

Miamba ya Karoo haiishii kusini. Makaa ya mawe ya Kiwira na Mchuchuma, kusini mwa Tanzania, ni ya zama hizo hizo. Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi hupita juu ya ndugu zake huko Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi na Taru. Mtu aliyekulia juu ya mawe haya, kisha akaona mawe ya India au ya Brazili, alishtuka kama anayekutana ugenini na sura ya jamaa yake. Wengi wa wapinzani wa kaskazini hawakuwahi kuyaona, waliyasoma vitabuni. Ni rahisi kukataa ushuhuda wa shahidi ambaye hujakutana naye.

Siri ya sakafu ya bahari

Hata hivyo mawe ya nchi kavu peke yake hayakutosha kuwashinda. Jibu lilikuwa mahali ambapo hakuna aliyekuwa ametazama, yaani chini ya bahari, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uso wa dunia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, meli nyingi zilikuwa na chombo cha kupima kina kwa mwangwi. Katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Marie Tharp alipewa kazi ya kugeuza vipimo hivyo kuwa ramani. Kwa miaka mingi hakuruhusiwa kupanda meli za utafiti kwa kuwa ni mwanamke. Wanaume walileta namba, yeye akachora mezani. Mnamo 1952 aliona kwamba safu ndefu ya milima ipitayo katikati ya Atlantiki ina bonde lililochongoka katikati ya mgongo wake. Alimwambia mwenzake Bruce Heezen kwamba huo ni ufa. Heezen alikataa kwanza, akiyaita maneno ya wasichana, maana kukubali kungekuwa kumrudia Wegener. Lakini ramani ya matetemeko ilipowekwa juu ya ramani ya Tharp, matetemeko yalikaa ndani ya bonde lile. Na walipolinganisha umbo la bonde la baharini na umbo la bonde la nchi kavu, walilinganisha na lipi? Na Bonde letu la Ufa. Lilikuwa ndugu yake.

Mnamo 1962 Harry Hess wa Princeton, aliyewahi kuwa nahodha vitani na kupima kina cha Pasifiki njiani, aliandika kwamba sakafu ya bahari huzaliwa katika nyufa hizo. Mawe ya moto hupanda, hupoa, husukumwa pande zote mbili, na mwishoni huzama tena katika mashimo marefu yaliyo ukingoni mwa bahari. Bara halilimi njia yake baharini kama jembe, jambo ambalo Jeffreys alisema haliwezekani. Bara limebebwa pamoja na sakafu, kama mzigo juu ya mkokoteni.

Maneno haya yalihitaji ushahidi, na ushahidi ukatoka katika sumaku. Mawe ya volkeno yanapopoa, chembe za chuma ndani yake huelekea upande wa sumaku ya dunia na kuganda hivyo. Sasa, sumaku ya dunia imegeuka mara nyingi: kaskazini ikawa kusini, na kusini ikawa kaskazini. Kama Hess alisema kweli, basi sakafu ya bahari ni kama utepe wa kinasa sauti, ikiandika kila mgeuko pande zote mbili za ufa.

Septemba 1963 Fred Vine, mwanafunzi wa Cambridge, na msimamizi wake Drummond Matthews walichapisha wazo hilo. Vipimo walivyovitumia vilichukuliwa mnamo 1962 na meli iitwayo Owen juu ya Mgongo wa Carlsberg, ambao upo katika Bahari ya Hindi kati ya pembe ya Afrika na India, katika maji ambayo majahazi ya kaskazi yameyavuka tangu zamani. Mkanada Lawrence Morley aliwaza hivyo hivyo mwaka ule ule, lakini majarida mawili yalikataa kuchapa barua yake.

Ili kusoma utepe huo ilibidi kujua tarehe za migeuko, na tarehe zilitafutwa katika volkeno za nchi kavu duniani kote. Moja ya tarehe hizo ilipatikana Tanganyika. Katika Bonde la Olduvai, mahali pale pale Mary Leakey alipolikuta fuvu maarufu la Zinjanthropus mnamo 1959, mawe ya volkeno yenye umri wa karibu miaka milioni mbili yalionyesha, katika taarifa ya 1963, kwamba sumaku ilielekea kama ielekeavyo leo, katikati ya zama ndefu ambazo ilikuwa imegeuka. Kipindi hicho mpaka leo kinaitwa kwa jina la Olduvai, nacho kinatafutwa na kila asomaye sakafu ya bahari yoyote duniani.

Mnamo 1966 vipimo vya meli Eltanin kutoka Pasifiki ya kusini vilitoka. Michirizi ya upande mmoja wa mgongo ililingana na ya upande wa pili kama sura na kivuli chake katika kioo. Waliokuwa wakipinga kwa miaka mingi walianza kukubali mmoja baada ya mwingine. Baina ya 1965 na 1968 Tuzo Wilson, Dan McKenzie, Robert Parker, Jason Morgan na Xavier Le Pichon walikamilisha nadharia: ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa saba na madogo kadhaa, nayo huachana, hugongana au husuguana. Mnamo 1968 meli ya Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya Atlantiki ya kusini ikakuta kwamba kila unapokwenda mbali na mgongo, umri wa sakafu huongezeka. Shauri lilikwisha.

Mabamba na nchi zetu

Mwendo wa mabamba ni kama wa kucha kukua. Lakini haba na haba hujaza kibaba: sentimita 3 kwa mwaka ni kilomita 30 kwa miaka milioni moja, na kilomita 3,000 kwa miaka milioni 100. Kwa mwendo kama huo kisiwa cha Bukini kiliachana na pwani yetu, India ikaachana na Bukini yapata miaka milioni 90 iliyopita, ikaenda kugongana na Asia, na milima ya Himalaya ikainuka.

Na kazi hiyo haijaisha. Afrika yenyewe inagawanyika: bamba la Somalia, upande wa mashariki wa Bonde la Ufa, laachana na sehemu kubwa ya bara kwa milimita chache kila mwaka. Septemba 2005, katika nyika ya Afar huko Ethiopia, ardhi ilifunguka kwa urefu wa kilomita 60 hivi, na mahali pengine ikatanuka kwa mita kadhaa ndani ya majuma machache. Wataalamu walisimama wakitazama bahari ya siku zijazo ikianza.

Mambo haya yana gharama. Rukwa ilitetemeka mnamo 1910, Subukia mnamo 1928, na Toro mnamo 1966, ambako watu zaidi ya mia moja walikufa. Tarehe 26 Desemba 2004 bamba la India lilipochomoka ghafla chini ya Sumatra, mawimbi yalivuka bahari nzima na kuua watu hata Somalia, Tanzania na Kenya. Tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ilitikiswa. Watu walipoteza maisha, na shule mbili kongwe za sekondari, Ihungo na Nyakato, ziliharibiwa vibaya. Sisi tunaokutana kuchangia mabweni na madarasa ya shule yetu tusilichukue jambo hili kama hadithi ya mbali. Nadharia haiwezi kutuambia siku wala saa ya tetemeko. Yaweza kutuambia ni wapi yatakuja tena, na hilo latosha kumfanya mtu ajenge ukuta wenye mkanda na nguzo za chuma.

Funzo

Liko jambo moja ambalo wengi hawalijui. Hata leo wataalamu bado wanajadiliana juu ya nguvu inayoendesha mabamba. Wengi husema kwamba nguvu kubwa ni uzito wa sakafu kuukuu ya bahari, ambayo imepoa, ikawa nzito, ikazama ndani na kuvuta bamba lote nyuma yake. Lakini ni kiasi gani kinachotokana na hilo, na kiasi gani na mwendo wa miamba ya chini, bado ni swali. Pamoja na hayo hapana anayekana kwamba mabara husafiri, kwa maana setilaiti hupima mwendo wake mwaka hadi mwaka. Basi sharti ambalo Wegener aliwekewa, yaani aeleze nguvu yote kwanza ndipo asikilizwe, lingetufanya tungoje mpaka leo.

Wamo kati yetu walimu, mahakimu, madaktari na wahandisi, na kila mmoja katika kazi yake huletewa ushahidi ambao hauna maelezo bado: mgonjwa mwenye dalili zisizo kitabuni, hesabu isiyolingana, mtoto wa kidato cha pili anayeuliza kwa nini ramani mbili zinashikana. Ni haki kumwuliza sababu. Akikosa sababu, na mawe anayoyaonyesha ni ya kweli, wajibu wetu ni kuyaandika mawe hayo chini na kuendelea kutafuta. Du Toit alifanya hivyo, Tharp alifanya hivyo, na kwa hiyo mtihani wa 1988 ulikuwa na jibu ambalo mtihani wa 1958 haukuwa nalo.